Mazungumzo ya Nyumbani: Shombo Baada ya Hedhi

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo akina mama husemezana kwa kunong'ona, na wengine hawalisemi kabisa, hata kwa dada zao wa tumbo moja. Mwanamke hutoka hedhini, akaoga, akavaa nguo safi, akajiona yu tayari kukaa na watu. Kisha baada ya siku mbili tatu husikia harufu isiyopendeza, mfano wa shombo la samaki aliyelala. Huoga tena, na harufu hurudi. Akilala na mumewe, harufu huzidi kuliko kwanza. Ndipo aanzapo kujificha: hakai karibu na wenzake barazani, hupenda kulala mbali, na udi hujifukiza si kwa furaha ila kwa hofu. Maswali ya namna hii hutufikia, aghalabu hayana jina chini yake, nasi twaona si haki kuyanyamazia kwa sababu ya haya tu.

Ukurasa huu husomwa na watu wote wa nyumba, kwa hiyo maneno tutakayoyatumia ni ya adabu, lakini hatutayazungusha. Nao akina baba twawaomba wasiupite, maana sehemu kubwa ya maneno haya yawahusu wao.

Kwanza yafaa tutenganishe harufu na harufu. Mwili wa mtu mzima hauwi bila harufu, wala uke hauwi bila utoko. Utoko wa mwanamke mwenye afya huwa mweupe au mwangavu. Siku nyingine huvutika kama ute wa yai, siku nyingine huwa mzito kidogo, nao hugeuka kwa kufuata siku za mwezi. Damu ya hedhi ina harufu kama ya chuma, na siku za mwisho ikitoka kidogo kidogo hugeuka kuwa ya kahawia, tena harufu yake huzidi kwa kuwa imekawia njiani. Hayo si maradhi. Mama anayemfundisha binti yake hivyo humwondolea hofu ya miaka mingi. Sisi twasema juu ya ile nyingine, harufu ya shombo, ambayo damu imekwisha nayo haikwisha.

Sababu yake mtu ataifahamu upesi akiingia jikoni. Kila mpishi wa pwani ajua jinsi ya kuondoa shombo la samaki: humkamulia ndimu, akamwacha kidogo, na harufu hupungua. Kwa nini? Kwa sababu vitu viletavyo shombo vina tabia ya magadi. Vikikutana na uchachu hufungwa, havirukii hewani, wala pua haivisikii. Uchachu ukiondoka huachiliwa tena, na nyumba nzima hujua kuna samaki. Mambo ya ukeni hufuata kanuni iyo hiyo, na mwenye kuikumbuka kanuni hii hatahitaji kukariri mengine.

Ndani ya uke wa mwanamke mzima hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambao ni ndugu wa vile vigandishavyo maziwa katika kibuyu. Aliyevieleza kwanza kwa uangalifu ni daktari Mjerumani, Albert Döderlein, mwaka 1892. Vijidudu hivi si adui. Hula sukari inayotokana na ngozi ya ndani ya uke, na badala yake hutoa asidi ya maziwa. Nayo asidi hiyo huwazuia vijidudu wengine wasistawi. Wataalamu wana kipimo cha uchachu kiitwacho pH. Maji matupu husimama kwenye 7. Kadiri hesabu inavyoshuka chini ya 7, ndivyo uchachu unavyozidi. Kadiri inavyopanda juu yake, ndivyo kitu kinavyoelekea upande wa magadi na majivu. Uke wenye afya, katika miaka ya kuzaa, huwa kati ya 3.8 na 4.5, karibu sawa na maziwa yaliyoganda vizuri. Damu huwa 7.4. Shahawa za mwanamume huwa 7.2 hata 8.

Basi mtazameni mwanamke aliye hedhini. Kwa siku tatu, nne au tano damu hupita mahali pale, na uchachu hupungua. Vijidudu vya maziwa hupungua pamoja nao, na wale wengine, waliokuwa wachache na wanyonge pembeni, hupata nafasi. Hedhi ikiisha, kwa wanawake wengi uchachu hurudi wenyewe baada ya siku chache pasipo dawa yoyote. Lakini kwa wengine haurudi. Wale wageni hukaa, huzaana, hufunika ngozi ya ndani kama ukoga ufunikavyo mawe ya mtoni, nao ndio watoao vile vitu vya shombo. Kwa kuwa uchachu haupo wa kuvifunga, harufu hutoka. Hiyo ndiyo sababu ya harufu kuonekana sana baada ya hedhi, na tena baada ya kulala na mume, maana shahawa nazo huondoa uchachu kama damu. Watu wengi wamedhani harufu imetoka kwa mume usiku ule, au mume amedhani mke hakuoga. Wote wawili wamekosa. Kilichotokea ni kwamba kitu kilichokuwa kimefungwa kimefunguliwa.

Hali hii huitwa vaginosi ya bakteria. Mwaka 1955, mjini Houston katika Marekani, madaktari Gardner na Dukes walitangaza kwamba wamepata kijidudu kimoja kinachoileta, na baadaye kijidudu hicho kikapewa jina la huyo Gardner. Leo yajulikana kwamba si kimoja, bali ni jamaa kubwa ya vijidudu wakaao pamoja. Nayo si hali ya watu wachache. Duniani kote, katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 23 hadi 29 huwa nayo, na wengi wao hawana habari, maana hawasikii harufu wala hawaoni dalili. Mwanamke anayejidhani peke yake kijijini ana wenzake katika kila nyumba ya tatu au ya nne.

Sasa twafika mahali panapotusumbua. Mwanamke akisikia shombo, mkono wake wa kwanza hukimbilia sabuni. Na si kuosha nje tu: huingiza kidole na povu ndani, kama alivyofundishwa na somo wake au na kungwi siku ya unyago. Mwingine huingiza maji ya chumvi, mwingine siki, mwingine shabu ili pakaze, mwingine majani yaliyotwangwa, mwingine dawa kali ya kuulia vijidudu ambayo kazi yake ni kusafisha sakafu na vidonda. Hatuwatukani wazee wetu. Makungwi wamewafundisha binti zetu mambo mengi ya maana: kutunza vitambaa, kuhesabu siku za mwezi, kuona haya palipo na haya. Lakini katika neno hili moja la kuosha ndani, mafundisho hayapatani na mwili. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 au 10. Mwanamke ambaye uchachu wake umeondolewa na damu sasa huondoa na ule kidogo uliosalia, na wale vijidudu wa maziwa waliokuwa wakijaribu kurudi huwamwaga pamoja na maji. Kwa siku moja hujisikia safi. Siku ya tatu shombo hurudi, naye huongeza sabuni. Tumewaona waliokwenda hivi mwaka baada ya mwaka, na kwa kila safari harufu ikawa mbaya zaidi, nao wakaamini kwamba ni kwa sababu hawajaosha vya kutosha.

Tena si harufu tu. Ngozi ya ndani ya uke ni laini. Sabuni na dawa kali huichubua, na ngozi iliyochubuka ni mlango wazi. Mjini Mombasa wataalamu waliwafuata wanawake waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa muda wa miaka 10, na mwaka 2006 wakatangaza waliyoyaona: waliojiosha ndani waliambukizwa zaidi kuliko wasiojiosha, na waliotumia sabuni zaidi kuliko waliotumia maji matupu. Hatusemi kwamba kuosha peke yake ndiko kulikowaambukiza, maana maisha ya mtu yana mambo mengi. Walakini mwenye kusikia habari hiyo na akaendelea na sabuni, sharti awe na sababu kubwa sana.

Msomaji mwerevu huenda akatujibu: ikiwa uchachu ndio ufungao shombo, si afadhali nitumie ndimu, kama nimfanyiavyo samaki? La, mama, usifanye hivyo! Samaki amekwisha kufa, wala hasikii. Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2, ukali uliopita mbali ule wa mwili wako, nayo huunguza. Wala maziwa ya mgando hayamiminwi humo. Kuyanywa ni chakula chema, lakini vijidudu vya kibuyuni ni binamu tu wa vile vya mwilini, si wenyewe, nao hawakai.

Namna ya kuoga ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Osha mikono kwanza. Osha sehemu za nje tu, mashavu na mikunjo yake, kwa maji safi, mara moja au mbili kwa siku. Siku za hedhi waweza kuzidisha. Anza mbele uende nyuma, usirudishe mkono kutoka nyuma kuja mbele. Ndani usiguse. Uke hujisafisha wenyewe kwa utoko wake, kama jicho lijisafishavyo kwa machozi, nasi hatujamwona mtu mwenye akili akiosha jicho lake kwa sabuni. Ukipenda udi, fukiza nguo zako na kitanda chako. Usiketi juu ya chetezo ili moshi uingie mwilini.

Juu ya vitambaa hatutasema mengi, kwa kuwa wengi wenu mwayajua. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kisha kianikwe juani hata kikauke kabisa. Twajua kwa nini akina dada hukianika chini ya godoro au nyuma ya kabati. Ni kwa kuwaonea haya baba na kaka. Lakini mahali penye unyevu na giza kitambaa hakikauki, nacho hutia harufu yake mwenyewe, kikachubua mapaja. Kitandike kanga nyepesi juu yake ukiwa kambani, haya zitatunzwa na jua litafanya kazi yake. Sodo za dukani zibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama hazijajaa. Atumiaye kisodo cha kuingiza ndani asikiache kupita saa nane, tena ahesabu, maana kisodo kilichosahauliwa ndani huleta uvundo mkubwa kupita shombo lote, na mara chache huleta homa ya kuua. Mwanamke akisikia uvundo wa ghafula baada ya hedhi, na akumbuke kwanza kama alikitoa cha mwisho. Siku hizi wako pia watumiao kikombe cha hedhi, kilichofanywa kwa mpira laini. Humwagwa na kuoshwa kabla saa 12 hazijapita, na huchemshwa kila hedhi ikiisha. Huko Siaya, katika Kenya, wasichana wa shule waliopewa vikombe hivyo walichunguzwa na wataalamu kwa miezi 30, na habari zilizotolewa mwaka 2023 zilisema kwamba vaginosi ilikuwa haba kwao kuliko kwa wenzao wasiopewa. Wazazi wengine huogopa kikombe kwa ajili ya ubikira. Hilo ni la kuzungumza nyumbani, nasi hatumlazimishi mtu.

Je, mwenye shombo aende hospitali lini? Harufu ikikaa zaidi ya wiki moja baada ya damu kukoma, au ikirudi kila mwezi, na aende. Mwenye mimba asingoje hata wiki, maana hali hii imeonekana pamoja na kuzaa kabla ya wakati. Uchunguzi wenyewe si wa kutisha. Mganga hutazama utoko kama ni mwepesi wa rangi ya kijivu. Hugusa kwa karatasi ndogo ipimayo uchachu, na ikipita 4.5 ni alama. Hudondoshea utoko dawa ya namna ya magadi ili asikie kama shombo litaruka. Na akiwa na hadubini hutazama chembe za ngozi kama zimefunikwa na vijidudu. Alama hizo nne zilipangwa na madaktari mwaka 1983, na tatu zikipatikana yatosha. Palipo na zahanati isiyo na hadubini, mganga huamua kwa kuuliza na kutazama, naye si wa kudharauliwa.

Dawa ijulikanayo zaidi ni metronidazoli, ambayo kwa kawaida humezwa mara mbili kwa siku muda wa siku 7. Shombo huweza kutoweka siku ya tatu, na hapo ndipo wengi wanapokosea: huvifunga vidonge vilivyobaki katika kitambaa, wakaviweka kwa ajili ya mwezi ujao au wakampa jirani. Vimezwe vyote. Wala asinunue mtu dukani kwa kukisia, maana harufu nyingine hazitaki dawa hii, kama tutakavyosema.

Nayo dawa, ingawa ni njema, ina huzuni yake. Zaidi ya nusu ya wanawake walioponywa hurudiwa na hali ile ile kabla ya mwaka kwisha. Kwa miaka mingi mwanamke aliyerudi hospitali mara ya tatu na ya nne alitazamwa kana kwamba hajui kujitunza. Kumbe palikuwa na mtu mwingine ambaye hakuna aliyemtazama.

Hapa twawageukia ninyi, akina baba. Mwaka 2025 madaktari wa Australia, walio mjini Melbourne, walitangaza habari ya watu na wake zao waliokaa wawili wawili pasipo mwingine. Wanawake wote walikuwa na vaginosi na wote walitibiwa. Kwa nusu ya nyumba hizo mwanamume naye alitibiwa: alimeza vidonge siku 7, na siku zizo hizo akajipaka dawa ya klindamisini kwenye ngozi ya uume wake mara mbili kwa siku. Kwa nusu nyingine mwanamume hakupewa kitu, kama ilivyokuwa desturi. Baada ya wiki 12, palipotibiwa mke peke yake, hali ilirudi kwa wanawake 63 katika kila 100. Palipotibiwa wote wawili, ilirudi kwa 35. Tofauti ilikuwa kubwa hata uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Zamani wanaume walikuwa wamejaribiwa kwa vidonge peke yake, na faida haikuonekana. Safari hii dawa ya kupaka iliongezwa, maana vijidudu hivyo hukaa pia katika ngozi ya mwanamume, chini ya govi na njiani mwa mkojo, wala yeye hasikii maumivu wala harufu.

Basi, baba mwenye nyumba, fikiri. Huenda umemwambia mkeo maneno ya kumchoma. Huenda umehama kitanda. Huenda umekwenda kumwambia shangazi yake kwamba mke huyu ni mchafu, arudishwe kwao akafundwe upya. Zipo ndoa zilizovunjwa kwa neno hilo, na mahari yakadaiwa. Nawe wakati huo wote yawezekana ulikuwa ukimrudishia mkeo vijidudu vile vile alivyokwisha kuviondoa kwa vidonge vyake. Daktari akisema nawe utibiwe, usijibu kwamba wewe huumwi. Kuumwa si ndiyo hoja.

Na neno la uzinzi sharti tuliseme waziwazi. Watu wawili waaminifu waweza kuwa na vaginosi ya bakteria, nayo yaweza kuanza kwa damu ya hedhi na kwa kuosha ndani tu. Ni kweli kwamba hupatikana zaidi kwa wenye kubadili wenzi, na kwamba hupita kati ya mume na mke. Walakini shombo si shahidi, wala si sababu ya kumhukumu mtu. Atakayemshitaki mkewe au mumewe kwa ushahidi wa pua amedhulumu.

Harufu nyingine twazipitia upesi. Mwasho mkali pamoja na utoko mweupe mzito kama maziwa yaliyokatika, usio na shombo, aghalabu ni kuvu. Dawa yake ni nyingine kabisa. Utoko wa kijani au wa manjano wenye mapovu, pamoja na harufu na kuwashwa, huenda ni trikomonasi, kijidudu kilichoelezwa kwanza na Alfred Donné mjini Paris mwaka 1836. Huyu hupatikana kwa kulala pamoja, na lazima wote wawili watibiwe. Lakini yeye naye huweza kukaa mwilini kwa miezi mingi pasipo dalili, kwa hiyo hata hapo mtu hawezi kusema kwa hakika ni lini wala ni nani. Harufu pamoja na homa na maumivu chini ya kitovu haingojei kesho. Hiyo ni maradhi ya ndani, katika mfuko wa uzazi na mirija yake, na ikiachwa huleta utasa.

Iliyobaki ndiyo tunayoiogopa zaidi kuliko zote. Harufu mbaya isiyofuata mwezi, inayokuja na utoko wa majimaji uliochanganyika na damu, au damu itokayo baada ya kulala na mume, au damu kwa bibi aliyekwisha kukoma hedhi: hizi zaweza kuwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Bibi mzee huona haya kuliko wote, akasema moyoni, mambo haya nimeyapita, nitamwonyeshaje kijana utupu wangu. Akikaa hivyo mwaka mmoja, saa ya kuponywa huenda ikapita. Kwa wasio na dalili bado, hospitali nyingi na vituo vya afya vya Tanzania na Kenya hupima mlango huo kwa kuupaka siki iliyopunguzwa makali: pakigeuka peupe, pana jambo la kutazamwa, na mara nyingi huondolewa kabla halijawa saratani. (Siki hiyo hupakwa na mganga, mahali pamoja, mara moja, si ruhusa ya kuitumia nyumbani.) Tena kwa binti zetu iko chanjo ya kuzuia virusi viletavyo saratani hiyo, Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Mzazi aletewaye habari ya chanjo hiyo shuleni asiikatae kwa uvumi. Aulize kwanza kituoni.

Sasa kwa mama aliyekata shauri kwenda hospitali lakini hajui atasemaje. Usijioshe ndani asubuhi ile, wala jioni iliyotangulia, ili mganga aone mambo yalivyo. Ukiwa mwenye haya, omba kumwona mwuguzi au daktari mwanamke. Si kosa kuomba. Usiseme tu "tumbo laniuma," kama wafanyavyo wengi, wakapewa dawa ya tumbo wakarudi nayo nyumbani. Sema hivi: "Nina utoko wenye shombo. Huanza siku kadhaa baada ya hedhi, huzidi baada ya kulala na mume wangu. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe fulani. Nimekuwa nikijiosha ndani kwa kitu fulani." Kama una mimba au wadhani unayo, liseme hilo kwanza. Akiisha kukuandikia dawa, usiinuke bado; muulize vidonge vimezwe siku ngapi, na kama mume wako naye apewe.